Mkanda Uliopanda Treni Itigi

Walimpima Mughwai urefu wa mikono kwa futi kamba ya fundi cherehani. Alikuwa amesimama katikati ya ua wa nyumba yake, Utemini, mikono ameinyoosha huku na huku kama shati lililoanikwa, na kijana Innocent wa kamati ya kuenzi wanamichezo alikuwa akivuta futi kutoka kidole cha kushoto kwenda kidole cha kulia huku akikanyaga kuku. Msichana aliyefuatana naye, Belinda, aliingiza vipimo kwenye simu. Mzee mzima, wa kupewa kiti na maji ya kunywa, alipimwa kama mlango unaotafutiwa fremu.

Simoni, fundi baiskeli, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la nje, kikombe cha uji mkononi, anatazama. Hakuwa amealikwa. Tangu ujana wake hakuwahi kualikwa kwenye nyumba hiyo, na hakuwahi kukosa.

"Mkono wa kushoto umepinda kidogo, mzee wangu," alisema Innocent.

"Ulipindia kwenye taya za watu," Mughwai akajibu, kifua mbele.

"Ulipindia kwenye geti la kinu cha alizeti," Simoni akadakia. "Kazi yake ilikuwa ulinzi. Miaka yote alilala ameuegemea."

Belinda akainua uso. "Samahani wazee wangu, niandike taya au niandike geti?"

"Andika geti, binti," Simoni akasema.

Akaandika geti.

Zamani binti wa rika lile angecheka mpaka ajishike mbavu, kisha angeandika taya. Angejua, bila kufundishwa darasani, kwamba mzee mmoja akiwa Mnyaturu na mwenzake Mnyiramba, na wamekaa ua mmoja, basi kinachosemwa na mmoja juu ya mwingine hakiandikwi popote. Ni watani. Simoni, Mnyiramba, alizaliwa upande wa Kiomboi, Mughwai, Mnyaturu, upande wa Ikungi, na tangu walipokutana wakiwa vijana, mmoja na baiskeli mbovu na mwingine na glovu za kuazima, hakuna aliyemwambia mwenzake neno jema. Mughwai alipooa, Simoni alisimama harusini akamwuliza bibi harusi kama alilazimishwa. Simoni alipoungua mkono kwa pasi ya kuzibia viraka, Mughwai alikwenda hospitali kuwauliza wauguzi kama nyama ile inauzwa. Halafu akakaa pale kitandani wiki nzima, akimlisha uji kwa kijiko.

Na utani ulikuwa na sheria yake. Mtani hamsifu mtani mbele za watu. Ukimsifu kwa dhati, macho makavu, umemtoa katika utani, umemfanya mgeni. Na ili arudi unalipa jogoo, jogoo hai, mzima, na mnamla pamoja. Tangu wakue, Simoni na Mughwai hawakuwahi kumwona mtu akilipa. Nani awe mjinga kiasi hicho?

Siku hizi hayo hayajulikani. Alipofariki Christopher, kaka yake Mughwai, Simoni alifanya kama alivyofanya kwa baba yao zamani: kaburi lilipokuwa tayari, akateremka, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe chochote, maana marehemu alikuwa mchoyo na nafasi hii ni nzuri kuliko kitanda chake. Siku ya baba yao watu walicheka huku wanalia, wakamtupia mzigo wa tumbaku, akatoka, mazishi yakaendelea na mioyo imepata pa kupumulia. Safari hii wajukuu waliotoka Dar es Salaam na miwani myeusi waliita mgambo. Mtu wa vipaza sauti akatangaza kwamba kuna mzee amedondoka. Wakamwinua Simoni kwa makwapa, wakamfunga kamba, wakampeleka kupimwa akili. Daktari kijana akamwuliza kama huwa anasikia sauti. Simoni akamjibu kwamba anaisikia ya kwake daktari na haimpendezi, akaongezewa sindano.

Katika umati ule wote, aliyecheka ni Mughwai peke yake. Alicheka amejishika kwenye mti wa jeneza, machozi yanamtiririka hadi kwenye tai, na wajukuu wakaanza kunong'ona kwamba labda na yeye apelekwe.

Basi kizazi hicho ndicho kilichokuja kupima ubingwa.

Habari yenyewe ilikuwa ndogo. Ghala la zamani la ushirika, lililokaa miaka bila gunia hata moja, limekarabatiwa liwe ukumbi wa ngumi kwa vijana. Ukumbi unataka jina. Watu wazima wa Utemini walisema jina lipo, uitwe Mughwai Bingwa, maana mji mzima humwita Bingwa, hata watoto wa chekechea humwamkia "Shikamoo Bingwa". Lakini kulikuwa na Gasto, muuza magodoro wa barabara kuu, aliyetoa magodoro ya kutandika sakafuni, naye alitaka ukumbi uitwe Gasto Magodoro. Kamati ikasema tusigombane, tupime. Mzee huyu anaitwa bingwa. Je, alikuwa na hadhi ya bingwa kweli? Au ni jina tu, kama vile kinyozi huitwa daktari?

"Tunatumia vigezo vya kimataifa," Innocent alieleza, akikunja futi. "Urefu wa mikono, ubora wa wapinzani, rekodi, na klipu. Una klipu, mzee?"

"Klipu ni nini?"

"Video. Ukiwa unapigana."

"Nilikuwa napigana," Mughwai akasema polepole. "Nani angeshika kamera?"

Innocent akatikisa kichwa kwa huruma. Kwake yeye, ngumi isiyo na klipu haikurushwa.

Mughwai akawatajia mapambano. Aliyempiga Dodoma. Aliyempiga Shinyanga. Mwanajeshi mmoja wa Tabora aliyempiga kwanza yeye, kisha wakarudiana. Innocent alitafuta kila jina kwenye simu na kila jina halikuwepo, na kwa kila lisilokuwepo Belinda aliandika sifuri. Mwisho wakafika kwenye lile lenyewe.

"Na mkanda?" Innocent akauliza. "Bingwa lazima awe na mkanda."

"Mkanda ulipanda treni Itigi," Mughwai akasema.

Mama Editha, mkewe, akaacha kuchuja uji.

"Nilimpiga mtu nikamwangusha. Refa akahesabu kumi akiwa anakimbilia treni, akaondoka na mkanda."

"Alihesabu kumi? Kuna aliyesikia?"

Mughwai akaonyesha kwa kidevu. "Aliyesikia ni yule pale. Alikuwa kwenye kona yangu, na ndoo. Wengine wote wamekufa. Unaona jinsi Mungu alivyoniweza?"

Innocent akamgeukia Simoni kwa heshima zote. "Shikamoo tena, mzee. Unaweza kutuambia kilichotokea Itigi?"

Simoni alikuwa na jibu la kweli. Lilikuwa limekaa ndani yake muda mrefu kuliko umri wa kijana yule. Lakini mdomo una mazoea yake, kama baiskeli inayojua njia ya kwenda kilabuni.

"Huyu hakupigana na mtu," akasema. "Alipigana na treni. Na treni ilishinda."

Mughwai akatabasamu bila kutaka. Belinda akaandika.

*

Pambano lenyewe lilikuwa hivi. Ulikuwa wakati ule askari wetu walipokuwa wanarudi kutoka Uganda. Kulikuwa na bondia wa Tanga, jina lake la ulingoni Nyundo, aliyeshikilia mkanda wa Kanda ya Kati, ingawa Kanda ya Kati yenyewe hakuwahi kuiona isipokuwa kupitia dirishani. Wakati huo alikuwa anasafiri kwenda Tabora na refa wake, na ilipangwa kwamba treni ikisimama Itigi kubadilisha injini, wateremke, wapigane na Mughwai, wapande tena. Stesheni masta aliapa kwamba injini ya kubadilisha haitafika kabla ya jioni. Katika maisha yote ya reli ile injini haikuwahi kuwahi. Watu hawakuwa na sababu ya kuwa na shaka.

Mughwai na Simoni walifika juu ya lori la ngozi za ng'ombe kupitia Mkiwa, wananuka kiasi kwamba Nyundo alilalamika kwa refa kabla ya kengele. Ulingo ulikuwa jukwaa la mizigo, kamba za ulingo zilikuwa kamba za kufungia magunia. Wakapigana. Nyundo alikuwa fundi, na asiyesema hivyo hakuwepo. Alimpiga Mughwai raundi za mwanzo mpaka jicho likafunga. Mughwai akawa anarudi kila raundi kama mtu aliyesahau kitu ulingoni. Katika raundi ya mwisho ule mkono wa kushoto, ambao sasa umeandikwa kwamba ulipindia getini, ulitoka chini kabisa, ukamkuta Nyundo kwenye taya, na Nyundo akaketi, akalala, akatulia.

Refa akaanza kuhesabu. Alipofika saba, injini ikapiga honi. Ilikuwa imefika, kwa mara ya kwanza, kabla ya wakati.

Watu wakakimbia kama kuku walioona mwewe. Wenzake Nyundo wakamshika mmoja miguu mmoja mikono, wakamtupa kwenye behewa la vifurushi. Refa, mtu wa serikali, mwenye familia Tabora, alichukua begi lenye mkanda akakimbia. Lakini alikuwa mtu wa kanuni, hakuacha kuhesabu. Simoni alikimbia nyuma yake na ndoo, maji yanamwagika. Alisikia nane mlangoni mwa ghala la stesheni. Alisikia tisa kwenye ngazi ya behewa. Na treni ilipokwisha kuanza kwenda, refa akatoa kichwa na mkono dirishani, kidole juu, akasema, "Kumi! Mkanda mtaletewa!"

Haukuletwa.

Simoni alirudi jukwaani anahema. Mughwai alikuwa bado amesimama ulingoni peke yake, mikono juu, jicho moja wazi, honi imejaa masikioni mwake. Hakuwa amesikia chochote baada ya saba.

"Kahesabu ngapi?" akauliza.

Simoni alikuwa kijana, alikuwa na furaha, na alikuwa mtani. Akasema, "Kahesabu mabehewa."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake Mughwai akauliza tena, na Simoni akamwambia kwamba refa alifika saba akaomba maji. Baadaye ikawa alifika tisa akapiga chafya. Mwaka hata mwaka swali lilipata jibu jipya, na hakuna hata jibu moja lililokuwa la kweli. Watu walipenda kuja kusikiliza. Mughwai aliwaambia wote kwamba ilikuwa kumi, kwa sauti ya mtu anayejua. Hakujua.

*

Ripoti ya kamati ilibandikwa kwenye ubao wa kata. Ilisema kwamba mhusika ni mlinzi mstaafu mwenye mkono uliopinda kutokana na geti, hana klipu, wapinzani wake hawapo mtandaoni, na kwamba kwa ushahidi wa mtu aliyekuwepo, aligongwa na treni Itigi.

Gasto akanunua rangi ya kuandikia jina lake.

Ingeishia hapo, lakini ofisi nyingine ilisoma ripoti. Juma lililofuata gari liliegeshwa nje kwa Mughwai, wakateremka watu watatu wenye nyuso za msibani, wakampa pole kwa ajali ya reli, wakamkabidhi magongo mawili ya kutembelea. Wakamwomba ayashike wampige picha. Mughwai aliyashika. Aliwafukuza nayo mpaka barabara ya lami, na picha iliyopatikana ilimwonyesha mzee aliyeinua magongo yote mawili hewani, akikimbia vizuri kabisa. Waliirusha mtandaoni na maneno kwamba msaada umeleta matokeo ya haraka.

Siku hiyo Mama Editha alikwenda kwenye karakana ya Simoni, chini ya bati lake, akakaa kwenye tairi.

"Mtani," akasema, "tumecheka vya kutosha."

"Nani anacheka? Mimi nimemtafutia magongo ya bure."

"Sikiliza. Watoto wetu wako Dar, unawajua. Kwenye simu humsalimia baba yao kama mtu wa mapokezi. Kwao yeye ni mlinzi wa kinu. Kitu pekee alichonacho mume wangu ni lile jina. Na hata hilo halimlazi usingizi, Simoni. Ananiuliza mimi. Mimi! Sikuwepo Itigi, nilikuwa kwetu napalilia uwele. 'Mama Editha, unafikiri alihesabu kumi?' Mzee mzima."

Simoni akaendelea kuzungusha gurudumu lililokuwa limenyooka zamani.

"Alihesabu ngapi, mtani?"

"Mama Editha, hata wewe?"

"Usiniambie mimi. Kaseme pale ukumbini. Wanaita watu Jumamosi wafunge jambo. Sema mara moja maneno ya kweli, halafu urudi kwenye upuuzi wako mpaka mfe."

Mama Editha akaondoka, na hakuwa amefika mbali Mughwai mwenyewe alipoingia. Alisimama mlangoni amefunga mikono ile ile iliyopimwa.

"Nimemwona mke wangu. Najua alichokuomba."

"Aliomba nimrekebishie baiskeli. Hana baiskeli, lakini ndivyo mlivyo huko kwenu."

"Ukisimama pale Jumamosi ukanisifu, nitakuvunja taya. Kushoto bado upo."

"Hutaki jina lako mlangoni?"

Mughwai akatazama nje. Jogoo mwekundu wa Simoni alikuwa anapita kwa madaha, jogoo ambaye mwenyewe alikataa kumwuza hata kwa Krismasi, na ambaye Mughwai alizoea kumwita shemeji.

"Nalitaka," akasema. "Nalitaka kuliko chakula. Lakini wote wananiheshimu sasa, Simoni. Shikamoo Bingwa, kaa hapa Bingwa, pole na ajali Bingwa. Wananiheshimu kama sanduku la marehemu. Nani mwingine amebaki wa kunitukana? Christopher amekufa. Yohana wa Mkiwa amekufa. Ukinisifu na wewe, nibaki na nani?"

"Ubaki na Gasto. Atakupa godoro."

"Nimekwambia taya," Mughwai akasema, akaondoka.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Magodoro ya Gasto yalikuwa yametandikwa ukuta hadi ukuta, bado kwenye nailoni, na kwa kuwa viti havikuletwa, wazee waliambiwa wakae juu yake. Wakazama. Kila aliyejaribu kugeuka alitoa mlio wa nailoni, hata sala ya kufungulia ikasikika kama mtu anayefungua biskuti. Mughwai alikuwa mbele, amevaa koti lake la harusi, viatu vimepakwa dawa na Mama Editha mpaka vikang'aa, magoti karibu na masikio.

Gasto alihutubia. Alisema yeye hana ubaya na mzee, lakini tujiulize: bila mtu wa kupiga, kuna ngumi? Hakuna. Bila mtu wa kuanguka, kuna ngumi? Hakuna. Na anayeanguka anaangukia wapi? Alisema bingwa wa kweli ni godoro, maana lenyewe halijawahi kuangushwa. Vijana wakapiga makofi. Siku hizi vijana hupiga makofi kwa kila kilichosemwa kwenye kipaza sauti.

Ndipo Innocent akamwita Simoni. Simoni alipita kati ya wazee akiyumba kwenye sponji, akafika mbele.

"Mzee Simoni, ripoti yetu inasema huyu mzee aligongwa na treni. Je, unathibitisha?"

"Mimi huyu mtu simjui," Simoni akaanza. "Huwa namwona akija kwangu kuomba chumvi."

Wazee wachache wakacheka. Vijana wakatazamana. Belinda akaandika kwamba shahidi hamjui mhusika.

"Mzee, tafadhali," Innocent akasema. "Jibu ni moja tu. Refa alihesabu kumi, au hakuhesabu?"

Simoni akafungua mdomo. Majibu yote ya miaka ile yalikuwa pale yamejipanga: chafya, maji, mabehewa. Akamtazama Mughwai. Alitaka kumwona amekasirika, amekunja ngumi, ili apate nguvu ya kumtukana. Mughwai hakuwa amekunja ngumi. Mikono ilikuwa wazi juu ya magoti, viganja juu, na shingo ameinyoosha mbele kidogo, kama mtu aliye mbali na redio anayengoja jina lake. Hakujua kwamba anaonekana.

"Nane aliisema mlangoni mwa ghala la stesheni," Simoni akasema.

Nailoni ikatulia.

"Tisa aliisema kwenye ngazi. Kumi aliitoa dirishani, na kidole juu, treni imeshaanza kwenda. Nilikuwa nimeshika ndoo. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo na wewe. Nyundo alikuwa bondia bora kuliko wote niliowaona, na yule pale alipigwa naye mpaka jicho likafunga, akaenda kumtafuta na jicho moja, akampata. Mimi nimeishi na watu wengi. Sijaona mtu wa namna ile. Mughwai alikuwa bingwa. Hakuna kingine."

Akakaa. Alijisikia kama mtu aliyevua nguo sokoni.

Mughwai akaanza kuinuka. Godoro lilimkataa. Akaanguka ubavu, akapiga goti, akateleza kwenye nailoni, akajaribu tena, na kila aliyewahi kuona ngumi alianza kuhesabu moyoni. Mama Editha akamnyooshea mkono, akaukataa. Alipofanikiwa kusimama, koti limepanda mabegani na machozi yamejaa kwenye mikunjo ya uso, alinyoosha ule mkono wa kushoto kumwelekea Simoni, akapaza sauti:

"Jogoo!"

Nyuma, mzee mmoja akaitikia, "Jogoo!" Kisha mwingine. Wazee wote waliozama kwenye magodoro wakaanza kupiga viganja kwenye nailoni, "Jogoo! Jogoo alipwe!" Wengine hawakuwa wametamka neno hilo tangu baba zao wazikwe. Innocent, aliyedhani ni kauli mbiu ya chama fulani, alishika kipaza sauti akawaonya kwamba huu si wakati wa kampeni.

Kamati ilitoka nje kujadili, ikarudi. Innocent alisoma uamuzi. Kwa kuwa shahidi alisema treni, kisha akasema hamjui mhusika, kisha akasema bingwa, ushahidi wake wote umefutana. Hata hivyo, kwa kutambua mchango wa mzee, kamati inamtunuku cheti cha Bingwa Mtarajiwa. Ukumbi utaitwa Gasto Magodoro.

Mughwai alikuwa anaelekea miaka themanini. Alipokea cheti kwa mikono miwili, akasema asante, akauliza kama kuna tarehe.

*

Jogoo mwekundu alichinjwa kesho yake, mchana, uani kwa Mughwai. Simoni alimleta mwenyewe, amembana kwapani. Jogoo alikuwa mgumu, kama ilivyotazamiwa, na Mama Editha alimchemsha mpaka kuni zikaanza kuwa haba. Walikula wazee wawili kwenye sinia moja, ugali wa mtama katikati, bila kusemeshana, kama wageni. Maana walikuwa wageni mpaka jogoo aishe.

Cheti kilikuwa kimebanwa kwenye bati la jiko. Moshi ulikuwa umeshaanza kukifikia.

Mughwai alinyonya mfupa wa shingo, akauweka pembeni, akapangusa vidole. Alitazama mbali, kuelekea kusini, kama vile Itigi ingeonekana kutoka pale.

"Simoni," akasema. "Kahesabu ngapi?"

Manyoya mekundu yalikuwa yametapakaa uani, upepo unayasukuma kidogo kidogo kuelekea getini. Simoni aliyatazama yote. Miaka mitatu alimlea jogoo yule kwa punje za mkononi.

"Kahesabu mabehewa," akasema. "Na moja lilizidi hesabu, akauliza kama ni wewe."

Mughwai naye aliyatazama manyoya. Alianza kucheka taratibu, mabega kwanza, mpaka Mama Editha akachungulia kutoka jikoni. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto juu ya sinia, uliopinda, akachukua paja ambalo Simoni alikuwa amejiwekea.